Maswali ya Nyumbani: Ni Diski au ni Madabodi?

Kijana mmoja wa Tanga ametuletea barua ndefu, nasi twaona yafaa kuijibu hapa hadharani badala ya kumwandikia yeye peke yake, kwa kuwa jambo lililompata limekwisha zipata nyumba nyingi, na litazipata nyingine. Asema kwamba nyumbani kwao wana kompyuta ya mezani, waliyoinunua ikiwa imekwisha tumika, na ndani yake mna mambo matatu: picha za arusi za dada zake wawili, nakala za hati za shamba la familia, na sauti ya marehemu babu yao akisomesha darsa za Ramadhani, ambazo wajukuu walizirekodi kwa simu miaka mitatu mfululizo, kisha wakazihamishia humo ili simu zipate nafasi. Hapana nakala nyingine popote. Usiku mmoja umeme ulikatika hata alfajiri. Asubuhi kompyuta ilipowashwa ikakataa kufunguka. Feni zilizunguka, taa ikawaka, na juu ya skrini nyeusi pakatokea mstari mmoja wa Kiingereza kusema kwamba hakuna diski ya kuanzia. Fundi wa kwanza amesema diski imekufa, inunuliwe nyingine. Fundi wa pili amesema iliyokufa ni madabodi, na kwamba yeye ataichukua diski, aifomati, aitie katika mashine nyingine aliyo nayo. “Ndugu mwandishi,” auliza kijana, “tumsadiki yupi?”

Kwa sasa msimsadiki yeyote katika hao wawili, na mashine ichomolewe ukutani ikae kimya. Hatusemi kuwa mafundi hao ni waongo. Twasema kwamba wamejibu swali la mashine, hali nyinyi mnalo swali jingine lililo kubwa zaidi. Kompyuta ni chombo. Kikivunjika chaweza kununuliwa kingine, hata kwa kuchangishana. Sauti ya babu yenu haiuzwi dukani. Kwa hiyo ulizo la kwanza si “nini kimeharibika?” bali “kilichomo kimo mahali pengine pia?” Ikiwa kimo, basi jaribuni mpendavyo, wala hapana ubaya hata vijana wa nyumbani wakijifunzia ufundi juu ya mashine hiyo. Ikiwa hakimo, kila mara mnapoiwasha “kujaribu tena” mnatumia akiba msiyojua imebaki kiasi gani. Diski nyingi zilizokuwa na uhai wa saa chache tu, saa ambazo zingetosha kutoa kila kitu, zimemaliziwa saa hizo kwa kuwashwa na kuzimwa na watu waliokuwa na haraka.

Yafaa ijulikane kila kimoja ni nini. Madabodi ni ule ubao mpana uliolala ubavuni mwa sanduku, ambao vyombo vingine vyote vimechomekwa juu yake; wengine huuita ubao mama. Wenyewe hauhifadhi picha wala sauti. Kazi yake ni ya njia panda: umeme na habari hupita hapo kwenda kila upande. Diski ngumu ni kile kisanduku cha chuma, kadiri ya kitabu kidogo, chenye sahani zing’aazo ndani yake, zilizopakwa utando wa sumaku, na mkono mwembamba wenye kichwa cha kusomea. Diski ya kwanza ya namna hii ilitolewa na IBM ya Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa futi 2, na zote pamoja zilibeba herufi milioni 5, ambazo ni kadiri ya picha moja ya simu ya leo. Tangu hapo sahani zimepunguka na nafasi imezidi, lakini kanuni ni ile ile. Diski izungukayo mara 7,200 kwa dakika, ukingo wa sahani yake hukimbia zaidi ya kilomita 100 kwa saa, na kichwa huelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache tu; na unywele mmoja wa mtu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Chembe ya vumbi mbele ya kichwa hicho ni jabali katikati ya barabara. Kwa sababu hiyo, yeyote akufunguliaye diski juu ya meza ya dukani ili “atazame” amekwisha kukutia hasarani kabla hajatazama.

Sasa tuje katika namna ya kupambanua. Mashine inapowashwa husafiri safari yenye vituo, na mtu mwenye akili hutazama imekwama kituo gani. Kituo cha kwanza ni umeme. Hapana taa, hapana feni, hapana lolote: hapo wa kutuhumiwa ni soketi, waya, ekstensheni, na kile kisanduku cha umeme kilicho nyuma, kiitwacho pawa saplai. Badilini waya na soketi kwanza, maana ndivyo rahisi. Kisanduku chenyewe msikifungue kamwe, hata kikiwa kimechomolewa, kwa kuwa ndani yake mna kapasita ziwezazo kushika umeme wa kumdhuru mtu vibaya.

Kituo cha pili ni pale feni zizungukapo lakini skrini haionyeshi neno. Huenda mkasikia milio mifupi ya tiii, tiii. Hiyo ni lugha ya madabodi, na tafsiri yake hutofautiana kwa kila mtengenezaji, basi itafutwe katika kitabu cha mashine hiyo hiyo. Hapa diski haijaulizwa lolote bado. Chomoeni waya wa ukutani, bonyezeni kitufe cha kuwashia kwa nukta kadhaa ili umeme uliobaki uishe, gusani chuma cha sanduku ili mwili utoe umeme wake, kisha mtoe waya mbili za diski. Washeni. Ikiwa skrini bado ni nyeusi, diski imetoka katika kesi. Itazameni RAM, vile vibao virefu vyembamba: vitoeni, vifuteni meno yake kwa kitambaa kikavu, virudisheni kimoja kimoja mpaka visikike vimeingia. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa upepo wa bahari wafanya nini juu ya bati. Wafanya vivyo hivyo juu ya meno ya RAM, pole pole, na mara nyingi hiyo ndiyo “madabodi iliyokufa” ambayo watu hutozwa kwayo.

Wakati mwili wa mashine uko wazi, tazameni pia kapasita, vile vipipa vidogo vilivyosimama juu ya ubao. Kichwa chake hupasa kiwe bapa. Kikiwa kimefura kama mkate uliochacha, au kimetoa majimaji ya kahawia, basi ubao huo kweli ni mgonjwa. Madabodi zilizotengenezwa miaka ya mwanzo ya 2000 zilijulikana kwa ugonjwa huu duniani pote, kwa sababu ya kapasita mbovu zilizouzwa wakati ule.

Kituo cha tatu ndicho alichokwama kijana wetu. Skrini imewaka, madabodi imeamka na kusema, imetafuta diski ya kuanzia, haikuona. Twaona hapa fundi wa pili amekosea kwa kiasi fulani, kwani ubao uwezao kuandika maneno juu ya skrini haujafa. Lakini wa kwanza naye amehukumu kwa haraka. Mwishoni mwa barua, kama mtu atajaye jambo dogo lisilo na maana, kijana asema kwamba wiki kadhaa kabla ya siku hiyo, kila umeme ulipokatika, saa ya kompyuta ilirudi nyuma miaka mingi, naye akawa akiirekebisha kwa mkono. Neno hilo lapasa lingekuwa juu ya barua.

Juu ya kila madabodi ya mezani kuna betri ndogo ya mviringo, kama sarafu. Aghalabu jina lake ni CR2032, nguvu yake ni volti 3, na yapatikana katika maduka ya saa kwa bei ndogo. Kazi yake ni kuiendesha saa, na katika mashine nyingi za zamani ndiyo pia ihifadhiyo mipangilio ya BIOS, yaani ile programu iamshayo mashine, wakati umeme haupo. Betri ikiisha, hamtaona tofauti maadamu waya umo ukutani na umeme wapita, kwa kuwa madabodi hujilisha kutoka huko. Umeme ukikatika usiku mmoja, mashine husahau. Husahau tarehe, husahau diski ipi ianze, na husahau ilikuwa ikizungumza na diski kwa njia ipi. Njia hizo ziko zaidi ya moja, na zilizo mashuhuri ni mbili, IDE na AHCI. Ikiwa Windows iliwekwa kwa njia moja, na baada ya kusahau mashine ikarudi kwa nyingine, basi Windows hukwama mwanzoni kwa skrini ya buluu, mara nyingi kwa namba 0x0000007B, ijapokuwa diski ni nzima kama siku ilipotoka kiwandani. Na ikiwa iliyopotea ni ile zamu ya nani aanze, hutokea mstari ule ule alioandika kijana wetu.

Hatuwezi kuapa kutoka mbali. Illa dalili ya saa ni shahidi mwenye nguvu, na lingekuwa jambo la kusikitisha diski nzima ifomatiwe kwa ajili ya betri iliyokwisha. Basi afanye hivi: abadilishe betri, waya ukiwa umechomolewa; aingie katika BIOS kwa kitufe ambacho skrini yenyewe humwonyesha wakati wa kuwaka, aghalabu Del au F2; atazame kama jina la diski laonekana katika orodha. Likionekana, arekebishe tarehe na zamu ya kuanza, na ikibidi aijaribu njia nyingine ya diski. Hayo yote hayaandiki chochote juu ya diski. Lisipoonekana, abadilishe waya wa data na tundu lake juu ya madabodi kabla hajasema neno.

Huo waya wa data, mwembamba na bapa, umezitia diski nyingi katika lawama zisizo zake. Kadhalika pawa saplai iliyochoka: ikishindwa kuilisha diski sawasawa, diski huzunguka, hukata, huzunguka tena, na mlio wake hufanana na wa diski inayokufa. RAM mbovu ina hila kubwa zaidi, maana hupotosha habari zikiwa njiani, kisha diski nzima huandika uongo kwa uaminifu. Siku mbili baadaye faili hazifunguki, na mtu huilaumu diski.

Njia ya kukata shauri ni kuipeleka diski mbele ya mashine nyingine iliyo nzima. Kuna kifaa kidogo cha kuunganishia diski kwa USB, chenye umeme wake, na mafundi wengi wanacho. Mwombeni aitumie mbele yenu. Ikiwa huko yafunguka, madabodi ya nyumbani au viungo vyake ndivyo vyenye kasoro. Ikiwa huko pia yakataa, ugonjwa ni wake. Lakini jihadharini na neno moja: Windows ya mashine ile huenda ikauliza kama mngependa “kufomati” diski, au “kuikagua na kuitengeneza.” Jibu kwa yote mawili ni hapana.

Ikifika hapo, isomwe hali yake kabla ya lolote. Diski hujiandikia yenyewe kumbukumbu za afya yake, ziitwazo SMART, na programu za bure kama CrystalDiskInfo huzionyesha. Katika orodha ndefu ya namba, nne zatosha kwa mtu wa nyumbani. Namba 5 ni idadi ya vipande vya sahani vilivyoharibika na kuhamishwa. Namba 197 ni vile vilivyoshindwa kusomeka na vinavyosubiri hukumu. 198 ni vile visivyosomeka kabisa. Tatu hizi zikiwa sifuri ni heri. Zikiwa zaapanda siku hadi siku, diski yaaga. Ya nne ni 199, nayo huhesabu makosa yaliyotokea njiani baina ya diski na madabodi. Ikipanda hiyo peke yake, mtuhumiwa ni waya. Namba hiyo hairudi sifuri mkiweka waya mpya, kwa hiyo litazamwalo ni kama yaendelea kupanda.

Wala mtu asijidanganye kwa sifuri hizo. Mwaka 2007 watafiti wa Google walitangaza matokeo ya kuzichunguza diski zaidi ya 100,000 walizokuwa wakizitumia. Walikuta kwamba diski ikishapata kosa la kwanza la ukaguzi, uwezekano wa kufa kwake ndani ya siku 60 huwa mara 39 ya ile isiyopata. Hilo ndilo onyo. Lakini walikuta pia kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa hata moja ya zile ishara nne walizoziona kuwa zenye nguvu. Zilikufa bila kuaga.

Tuseme basi kwamba ugonjwa ni wa diski kweli. Ikiwa yatoa mlio wa kugonga, tak, tak, tak, kwa mpigo mmoja, kichwa chake kimeshindwa, na pengine chakwaruza sahani wakati mnapoisikiliza. Zimeni. Hapa hapana programu wala hila ya nyumbani. Ni kazi ya maabara za kuokoa data, zenye vyumba visivyo na vumbi, na gharama zake ni kubwa, nanyi mtapima wenyewe thamani ya kilichomo. Kuna wasemao itiwe katika friza. Ushauri huo una umri mrefu kuliko faida yake: diski itokayo katika baridi hufanya umande ndani, na umande juu ya sahani ni maangamizi. Wengine hununua diski nyingine ya aina ile ile ili wabadilishe kile kibao cha umeme kilicho chini yake. Miaka ya zamani hilo lilifaulu mara nyingi, lakini diski za siku hizi huweka katika kibao hicho vipimo vya diski hiyo moja tu, na kibao cha mwenzake hakizijui sahani zake, mpaka fundi ahamishe na kile kijisehemu kishikacho vipimo.

Ikiwa diski haigongi, ila yasoma pole pole na kukwama, hapo kuna matumaini, na hapo ndipo watu huiharibu kwa mikono yao. Programu ya Windows ya kukagua diski, chkdsk, kazi yake ni kuupanga upya mfumo wa faili ili Windows iridhike, si kuyaokoa yaliyomo. Kuiendesha juu ya diski mgonjwa ni kumtwika mzigo mtu mwenye homa, tena akiwa anachana karatasi asizozielewa. Kuweka Windows upya ni kubaya zaidi, kwa kuwa huandika juu ya yaliyopotea. Lifaalo ni kunakili diski nzima, kipande kwa kipande, kwenda katika diski nyingine yenye nafasi sawa au zaidi, kisha mgonjwa awekwe kando na kazi yote ifanywe juu ya nakala. Iko programu ya bure, ddrescue, itumikayo kutoka katika Linux iliyowekwa ndani ya flashi. Yenyewe huchukua kwanza sehemu zisomekazo kwa urahisi, huziruka zile ngumu, huandika ramani ya ilikopita, kisha hurudi kwa zilizobaki. Huo ndio utaratibu wa mtu aokoaye vyombo katika nyumba inayoungua. Na ikiwa hapana diski ya pili nyumbani, basi zichukuliwe faili kwa mkono, zilizo adimu kwanza: sauti za mzee, kisha hati, kisha picha. Sinema zibaki mwisho, au zibaki kabisa.

Tumesema kana kwamba kompyuta zote zina sahani. Nyingi za sasa hutumia SSD, isiyo na kitu kinachozunguka. Hiyo haigongi wala hailii. Aghalabu huwa nzima leo, kesho mashine haiioni kabisa. Tena kilichofutwa humo kwa kawaida hakirudi, kwa kuwa mashine huiambia SSD mara moja kwamba nafasi ile iwe tupu. Na katika baadhi ya laptopu, kama zile za Apple za miaka ya karibuni, hifadhi hiyo imeunganishwa na madabodi yenyewe na kufungwa kwa ufunguo ulio katika madabodi hiyo. Hapo ubao ukifa, diski imekufa pamoja nao, na ule upambanuzi wetu wote hauna kazi.

Jambo hilo la ufunguo lawahusu hata wenye Windows. Laptopu nyingi zenye Windows 11 hufunga diski zake kwa siri, na mara nyingi mwenyewe hajui, kwa kuwa jambo hilo lilifanyika alipoingia kwa akaunti yake ya Microsoft siku ya kwanza. Ufunguo hukaa katika kijisehemu cha madabodi kiitwacho TPM. Madabodi ikibadilishwa, au diski ikipelekwa kwa mashine nyingine kama tulivyoshauri juu, huulizwa namba ya tarakimu 48. Asiye nayo, hata mkuu wa mafundi hamfungulii. Kwa hiyo leo, mashine ikiwa nzima, mwenye laptopu aingie katika akaunti yake ya Microsoft, aitafute namba hiyo, aiandike kwa kalamu, na karatasi iwekwe pamoja na hati za nyumba.

Kijana wetu akifanikiwa, na twamwombea afanikiwe, anunue diski ya nje kabla hajanunua lolote jingine kwa ajili ya mashine ile. Darsa za babu yake, zikiwa ni sauti tupu, hazitachukua nafasi kubwa. Zaweza kuingia pia katika flashi moja moja kwa kila mjukuu. Diski ya nakala isikae chumba kimoja na kompyuta, wala isiachwe imechomekwa daima, maana radi au umeme uliorudi kwa kishindo hupita katika vyote viwili kwa pamoja. Ikae kwa shangazi au mjomba, na kila miezi mitatu irudi nyumbani, ichomekwe, faili chache zifunguliwe, na darsa moja isikilizwe kutoka mwanzo hata mwisho.